Sekunde Kumi za Maoni

Ofisi ya Mzee Asilimia ilikuwa juu ya duka la magodoro, na kwa miaka kumi na minane haikuwahi kuwauliza watu jambo zito kuliko sabuni. Ipi inatoa povu zaidi? Dawa ya meno ipi inawasha ulimi? Watu walijibu, Mzee akajumlisha, akagawanya, akazidisha kwa mia, na wenye viwanda wakalala usingizi wa pono. Jina lenyewe alilipata kwa sababu hata akiulizwa kama chai ina sukari, alionja, akafumba macho na kutamka, "Kwa asilimia themanini."

Ndipo Jumanne moja halmashauri ya mji ikamletea swali lisilo na povu.

Wiki tatu nyuma, watu wa Bondeni waliketi barabarani. Hawa ni watu waliokuwapo kabla ya mji, kabla ya barabara yenyewe na, kwa hakika kabisa, kabla ya halmashauri, jambo ambalo halmashauri haikupenda kukumbushwa. Bonde lao lilikuwa limepewa kampuni ya kokoto. Wao walisema hawakumbuki kulitoa. Basi wakaketi, malori yakasimama, polisi wakaja na marungu na mabomu ya machozi, na baada ya nusu saa watu kumi na tisa walikuwa hospitali. Kesho yake waliketi tena, baadhi yao na bendeji kichwani.

Sasa halmashauri ilitaka kujua raia wanaonaje. Nguvu waliyotumia polisi ilikuwa kidogo mno, ya kiasi, au ilipita kiasi? Iulizwe milango mia moja, majibu yasomwe kikaoni Ijumaa. Raia wakiwa wameridhika, polisi watarudi Jumatatu kumalizia.

Kazi hiyo ilimwangukia karani wa ofisi, ambaye hakuwa na wa kumsukumia kwa kuwa alikuwa peke yake. Mzee Asilimia alimkabidhi karatasi mia, kalamu mbili, na saa ya kupimia mbio yenye kamba ya kuvaa shingoni.

"Sheria ni tatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. "Mosi, kila mlango wa tano, huruki hata mmoja. Pili, jibu la mtu ni siri, hata mama yake mzazi haambiwi. Tatu, sekunde kumi. Asiyejibu ndani ya sekunde kumi andika 'hana maoni', songa mbele."

"Kwa nini kumi, Mzee?"

"Kwa sababu mtu anayeijua sabuni yake huitaja kabla ya nane."

Karani hakubisha. Wala hakusema kwamba bibi yake mzaa mama ni mtu wa Bondeni, miaka sabini na mitatu, na kwamba siku ile alikuwa barabarani akiwamiminia wenzake chai wakati rungu lilipomvunja mkono wa kushoto. Wala kwamba Bibi, na plasta yake, bado ameketi pale pale, na Jumatatu atakuwa pale. Alijitia saa shingoni akashuka ngazi.

Hadi saa nne asubuhi watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kumbatiza Dada Sekunde, na watatu walikuwa wanamfuata wakimwomba awapime mbio.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mwenye nyumba za kupanga, akiwa na mswaki mdomoni.

"Ya kiasi," alijibu, povu likimruka. Sekunde tatu.

"Ulikuwapo, mzee wangu?"

"Nilikuwa kwenye harusi, mji wa pili. Lakini mimi najua mambo."

Mlango wa pili, fundi cherehani alijibu kabla swali halijaisha. "Kidogo mno! Mimi nilichelewa kupata vitambaa siku hiyo. Andika kidogo mno, tena upigie mstari."

Mlango wa tatu, mama mmoja aliyekuwa anachagua mchele alimvuta karani kwa mkono na kumnong'oneza, "Jirani kasemaje?"

"Ni siri, mama."

"Basi niandikie hayo hayo ya jirani. Tumekaa vizuri miaka tisa, sitaki ugomvi."

Mlango wa nne ndipo mambo yalipobadilika. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu, viatu vyeupe mkononi. Karani akauliza, akabonyeza saa. Muuguzi akamtazama. Akaviweka viatu chini, kimoja, halafu cha pili, akivipanga kama vya mgonjwa. Saa ikafika kumi. Karani akaandika "hana maoni", akashukuru, akageuka.

"Nilimshona mmoja wao kichwa," muuguzi akasema nyuma yake. "Nyuzi kumi na nne. Walipita kiasi, mdogo wangu. Walipita sana."

Sekunde thelathini na moja. Sheria ni sheria. Jibu halikuweza kuingia. Lakini pembezoni mwa karatasi palikuwa na nafasi nyeupe ambayo sheria haikuitaja, na karani akaandika humo, kwa herufi ndogo kama za kuibia mtihani: *sek. 31, kupita kiasi*.

Basi ikawa hivyo kutwa nzima na kesho yake. Waliokuwa kwenye harusi walijibu upesi. Waliosoma gazeti nusu walijibu upesi zaidi. Wale waliokuwapo, au walioosha damu shatini mwa mtu, au waliofungua mlango siku ile na kumkuta mgeni anakohoa moshi kizingitini, hao ndio walioganda. Dereva wa lori la kokoto alitumia dakika nzima akijikuna kidevu. Mwuza kuni alianza kwa kusimulia ugonjwa wa mbuzi wake, na karani akamsubiri, na kweli hadithi ya mbuzi ikaishia barabarani pamoja na marungu. Wote waliandikwa "hana maoni", na wote wakaachwa pembezoni.

Alhamisi saa sita mchana karani aliingia mtaa wa nyumba za polisi, akiwa amebakiza mlango mmoja tu. Akahesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. Akasimama. Akarudi nyuma, akahesabu upya. Safari hii aliuhesabu na mlango wa banda la kuku, ambao kwa kweli ulikuwa mlango, una bawaba na kila kitu. Lakini kuku hawapigi kura, na mlango wa tano ukabaki pale pale, rangi ya kijani.

Ulikuwa wa mjomba wake.

Mjomba alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi. Alikuwa askari. Siku ile barabarani alisimama mstari wa pili, na ngao yake, hatua ishirini kutoka kwenye chupa ya chai ya mama yake. Hakunyanyua rungu. Lakini hakutoka mstarini pia. Tangu hapo hakwenda kumwona mama yake, na mama yake hakumtumia salamu, na katika familia nzima hakuna aliyethubutu kuwauliza lolote.

Alifungua mlango amevaa aproni yenye maua, mwiko mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu! Unanukia njaa. Ingia, wali unakauka."

"Nipo kazini."

Akaiona saa. Akaziona karatasi. Mji mzima ulikuwa unajua habari za Dada Sekunde. Tabasamu likamtoka usoni polepole, kama mgeni anayeaga.

"Huwezi kuruka mlango?"

"Siwezi."

"Hata wa mjomba?"

"Nimejaribu hata banda la kuku, Mjomba."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Haya. Uliza."

Karani akauliza kama alivyowauliza wengine wote, neno kwa neno, macho kwenye karatasi. Nguvu waliyotumia polisi ilikuwa kidogo mno, ya kiasi, au ilipita kiasi? Akabonyeza.

Sekunde kumi zikapita. Kalamu ikagusa karatasi, kwenye "hana maoni". Lakini mkono wa pili, ule ulioshika saa, ukakataa kuisimamisha. Mjomba alikuwa anautazama mwiko. Dakika moja. Jikoni kitu kikaanza kuungua, na hakuna aliyekwenda. Dakika ya pili. Kuku akatoka bandani, akapita katikati yao, akaingia sebuleni kama mwenye nyumba. Dakika ya tatu Mjomba akafumbua mdomo, akaufumba. Ya nne akafuta jicho kwa aproni, akasema ni moshi.

"Ilipita kiasi," akasema. "Andika. Na uandike mimi nilikuwapo."

Saa ilisema dakika nne na sekunde kumi na mbili.

"Mama asijue," akaongeza. "Siwezi kumwambia kwa karatasi kitu ambacho sikukisema siku ile."

"Ni siri, Mjomba. Sheria ya pili."

Saa tisa alasiri Mzee Asilimia alimaliza hesabu, akaegemea kiti chake, kikalia.

"Ya kiasi, thelathini na nane. Kidogo mno, tisa. Kupita kiasi, kumi na mbili. Hana maoni, arobaini na moja." Akafunga kalamu. "Raia hawana tatizo. Kazi safi."

"Mzee, wale arobaini na mmoja wana maoni. Thelathini na sita kati yao waliyasema. Wamo pembezoni."

"Baada ya sekunde ngapi?"

"Thelathini. Sitini. Mmoja dakika nne."

"Dakika nne! Mtu huyo hakuwa na maoni, alikuwa na usingizi."

"Hii si sabuni, Mzee."

"Watu ni wale wale, binti yangu. Nimefanya kazi hii tangu hujaota meno."

Karani akaona kwamba maneno yamegonga mwamba. Akavuta karatasi tupu, akaivua saa shingoni, akasimama mbele ya meza ya bosi wake kama anavyosimama mlangoni kwa mtu.

"Samahani kwa usumbufu, mzee wangu. Je, nguvu waliyotumia polisi dhidi ya watu wa Bondeni ilikuwa kidogo mno, ya kiasi, au ilipita kiasi?" Akabonyeza.

Mzee Asilimia alicheka. "Unanipima mimi?" Sekunde nne. "Mimi ninavyoona..." Akatazama dirishani, upande wa hospitali. Sita. Akakumbuka kitu; ilionekana usoni kwamba amekikumbuka. Nane. Akashika kalamu, akaiacha. "Ni kwamba, ukitazama kwa upande wa..."

"Kumi," akasema karani, na akaandika kwa sauti, "Hana... maoni."

"Sina maoni? *Mimi?*" Mzee alisimama hadi kiti kikaanguka. Mtu huyu alikuwa na maoni kuhusu viatu vya watangazaji wa redio! "Ninayo! Nilikuwa nayafikiria!"

"Kwa asilimia ngapi, Mzee?"

Chini, mtu alikuwa anapiga godoro kujaribu kama ni gumu. Mzee Asilimia akainua kiti chake, akaketi, akavuta zile karatasi mia moja na kuzigeuza upande ili asome pembezoni. Alisoma kwa saa nzima bila kutaja namba yoyote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu duka la magodoro lifunguliwe. Ya muuguzi aliisoma mara mbili.

Ijumaa alisoma kikaoni hesabu mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya sekunde kumi. Ya pili ilisema: kupita kiasi, arobaini na tano, ya kiasi, arobaini na moja, kidogo mno, tisa, hana maoni, watano. Mjumbe mmoja akauliza ipi ni ya kweli. Mzee akajibu kwamba ya kwanza ni ya watu waliosikia habari, na ya pili imeongeza wale walioziona. Mwingine akapiga meza, wa tatu akapiga kelele kwamba arobaini na moja na tisa ni hamsini, na hamsini ni nyingi kuliko arobaini na tano, na kwa hesabu alikuwa sahihi. Wakabishana hadi jioni. Mwishowe walikubaliana jambo moja tu: Jumatatu polisi wasiende. Waahirishe mwezi mmoja, wafikiri. Hakuna aliyewapimia muda.

Jumamosi asubuhi karani alikwenda barabarani. Bibi alikuwa kwenye mkeka chini ya turubai, plasta yake imejaa sahihi za watoto.

"Karibu, mke mwenzangu! Umekonda. Babu yako angekuacha."

"Angeniacha aje kwako, na plasta hiyo?"

Bibi akacheka, akaanza kumimina chai kwa mkono mmoja. Karani akamweleza habari za mwezi mmoja, na za milango mia moja.

"Mbona mimi sikuulizwa?"

"Tulihesabu milango, Bibi. Nyinyi hapa hamna mlango."

"Ahaa. Basi niulize sasa."

Karani akavaa uso wa kazi. "Je, nguvu waliyotumia pol..."

"Kupita kiasi! Nipe sukari."

Haikufika hata sekunde moja. Karani aliisogeza sukari, na Bibi akakoroga muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Mtaa wa askari ulifika?"

"Nilifika."

"Mlango wa kijani?"

"Majibu ni siri, Bibi. Hata kwa mama mzazi."

"Sikukuuliza jibu." Kijiko kikasimama. "Nimekuuliza, alichukua muda gani?"

Karani akazipitisha sheria zote tatu kichwani, moja moja. Hakuna hata moja iliyokataza kutaja muda.

"Dakika nne na sekunde kumi na mbili."

Bibi alitazama barabara, upande unaoelekea mjini. Kisha akachukua kikombe cha tatu, ambacho hakikuwa na mtu, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka mkekani kando ya chake.

"Mwambie chai ipo," akasema. "Na asije na dakika nne zake, itapoa."