Waliorukwa wa Ng'ambo

Winfrida alijua kosa ni lake kabla mtu yeyote hajauliza. Asubuhi ile baada ya mvua kubwa, bosi wao Godfrey aliingia ofisini pale Mafiga akasema udongo umeporomoka Lukunguni, kule juu Mgeta, upande wa ng'ambo ya mto. Mzee mmoja alikuwa amefukuliwa akiwa hai, miguu yote miwili imevunjika. Kabla Godfrey hajamaliza kusimulia, Winfrida alikuwa ameshafungua kompyuta, na hakutafuta mbali.

Kazi ya ofisi yao ilikuwa kuwatumia wakulima wa milimani ujumbe wa tahadhari kila mvua ya hatari ilipokaribia. Wakulima hao walikaa kwenye faili moja, kila mtu na mstari wake: jina, kijiji, namba ya simu, vyote vikitenganishwa kwa mkato. Majuzi mtambo wa kutuma ujumbe ulibadilishwa. Huu mpya haukutambua mikato. Ulihesabu nafasi tu. Jina lilitengewa nafasi zake, kijiji zake, simu zake, na herufi zilipopungua palijazwa uwazi. Winfrida ndiye aliyepewa kazi ya kuligeuza faili. Akaandika programu fupi: kila ukikuta mkato, kata hapo, kinachofuata kiweke mahali panapofuata.

Kumbe waandikishaji, ili wasichanganye Lukunguni ya barabarani na ile ya ng'ambo ya mto, walikuwa wameandika "Lukunguni, Ng'ambo". Mkato ulikuwa ndani ya jina lenyewe la mahali, na programu ikakata hapo pia. Neno Ng'ambo likakaa penye nafasi za simu, namba ikasukumwa nje ya mstari, ikapotea.

Na mtambo ulimwambia. Ijumaa aliyomaliza kazi ile, uliandika kwamba baadhi ya mistari imerukwa kwa kukosa namba. Alikuwa ameshavaa sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga binamu yake aliyekuwa akiolewa, na gari lilikuwa linamsubiri nje. Akajiambia hao ni watu waliobadilisha laini, atawaangalia Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake.

"Mtandao wa kule milimani unajulikana," Godfrey alisema. "Kwenye taarifa ya wilaya tutaandika kwamba mtandao ulisumbua, ujumbe haukufika."

Winfrida angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alijibu, "Sawa."

Mchana huo akarekebisha programu, namba za Ng'ambo zikarudi mahali pake. Ilikuwa kazi ndogo mno, na udogo wake ulimuumiza kuliko kama ingekuwa ngumu.

Siku chache zilizofuata hakula vizuri. Mwishowe akanunua machungwa, akaenda hospitali alikolazwa yule mzee. Aliitwa Kasiani, mkulima wa karoti na kabichi. Binti yake, Yuliana, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimkunjia shuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sijakufahamu."

"Natoka ile ofisi ya ujumbe wa mvua."

Mzee akajaribu kujiinua. "Yuliana, mpe kiti. Hawa ndio watu wetu."

Yuliana akasogeza kiti. "Majirani walimgongea usiku ule, dada. Wao waliambiwa na ndugu zao wa barabarani. Wakambembeleza watoke pamoja. Baba yangu huyu akakataa, eti ujumbe wake haujaja. Mbishi."

"Mwaka jana simu ililia, mvua ikaja kweli," mzee alisema. "Nikaiamini kuliko watu. Ila nafikiri nilibonyeza vibaya, mwanangu. Haya macho hayaoni. Huenda niliufuta mwenyewe. Niombee radhi huko ofisini, wasije wakaona wazee tunawaharibia kazi."

Winfrida aliyatazama machungwa yaliyokuwa mapajani mwake. Kusema pole na kuondoka kungekuwa rahisi, na wote wawili wangemshukuru.

"Hukuufuta, baba. Haukutumwa."

Yuliana akaacha kukunja shuka. "Umesema?"

"Nilikuwa nahamishia majina kwenye mashine mpya. Namba za watu wa Ng'ambo nikaziangusha. Mashine ikanionyesha kwamba kuna watu wameachwa. Sikuangalia ni akina nani."

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Siku zote hizi namsema," Yuliana alisema polepole. "Nimemsema mbele ya manesi, nimemsema mbele ya wageni. Na ninyi mnajua." Akayachukua machungwa, akamwekea mikononi. "Nenda nayo."

Winfrida alikuwa ameshafika mlangoni mzee alipouliza, bila kugeuka, "Wenzangu wa kule wanajua?"

"Hawajui, baba. Ila nimesharekebisha."

"Wao wanangoja simu, kama nilivyongoja mimi. Panda ukawaambie. Wewe mwenyewe. Waambie mtu akigongewa, atoke."

Winfrida alipomweleza Godfrey, bosi huyo alifoka kwamba taarifa imeshakwenda wilayani na kwamba yeye hatamtetea. Winfrida akaandika taarifa nyingine yenye ukweli, akaitia sahihi yake, akaipeleka. Kisha akadandia lori lililokuwa likipanda Mgeta kuchukua mboga, akamalizia kwa miguu njia ya mteremko hadi Ng'ambo. Watu walimsikiliza wakiwa wamekaa nje ya kigango, kanisa lao dogo la kijijini. Mama mmoja aliinuka akaondoka katikati ya maneno yake. Mwingine aliuliza kama namba yake sasa imo, na Winfrida akamsomea.

Hakufukuzwa. Faili likapewa mtu mwingine, naye akahamishiwa mapokezi, na hakulalamika.

Mzee Kasiani alirudi nyumbani na magongo. Winfrida humpigia mara kwa mara kumjulia hali. Simu hupokewa na Yuliana. Huisikiliza salamu mpaka mwisho, kisha humpa baba yake bila kuijibu.