Protini Iliyotetemesha Mabenchi

Masomo ya alasiri yalipokwisha, Kavuo, mwalimu wa biolojia mjini Butembo, aliwasha jenereta na kufuta vumbi kwenye kompyuta kwa upindo wa kitenge. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2002, na vita vilikuwa havijatulia. Ndani ya kompyuta mlikuwa na protini za kijidudu cha malaria, zilizoletwa kwenye diski kutoka Kampala. Programu ilizipekua moja moja, ikitafuta ile inayokaa juu ya ngozi ya kijidudu na isiyobadilika mahali popote, kwani hiyo ndiyo chanjo ingeweza kuikamata.

Wafu wakaingia, wakapangusa miguu mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi. Wote walikuwa wameuawa na malaria, wengi wao watoto. Protini ya kijidudu kilichomuua mtu ilipotokea kwenye skrini, alitetemeka. Kavuo aliona hilo linasaidia kazi. Nyingi ziliwatetemesha wafu wa Lubero zikawaacha wa Beni. Alizifuta, akaendelea. Mafuta yalipokwisha, aliuza baiskeli yake.

Jioni moja mabenchi yote yalitetemeka pamoja.

“Ni hii,” akasema Kavuo.

“Rudilia kwanza,” akasema mzee Phinées, aliyefia Lubero wakati wa kuvuna viazi.

Akarudia. Wakatetemeka tena.

Asumani, dereva wa lori wa mtaa wa Kimemi, ndiye aliyepeleka diski ya matokeo Kampala, na kutoka huko alete kinini, dawa ya malaria, kwa ajili ya zahanati. Aliporudi alipitia kwa Kavuo kabla ya kwenda kwake.

“Balipokea, mwalimu. Banasema ni kazi muzuri, lakini kuipima itaomba miaka mingi.”

“Na kinini ya dispensaire?”

“Basoda ba ku barrière ya njia ya Beni balibeba makartoni yote. Diski, wakati nilienda, baliiacha ipite, sababu haiuzike.”

Ndipo Asumani akamwona binti yake kwenye benchi la mbele, kati ya wafu.

“Zawadi, ulikuya lini?”

“Jana, papa. Mama alikuwa anangojea kinini.”

Asumani aliomba nafasi, akakaa kando yake, akamfunika kwa koti lake.

Kavuo alisogea kwenye kompyuta. Kisha akamtazama Asumani, naye akaitikia kwa kichwa. Kavuo akaifungua protini ile. Zawadi akatetemeka kama wenzake.

“Ni hii,” Kavuo akasema, kwa sauti ya chini.

Akaongeza mafuta kwenye jenereta, akatoka kwenda kuazima benchi lingine parokiani, maana barrière ya askari ilikuwa bado palepale njiani, na dawa haikupita.