Siku ya Mkaguzi wa Moshi

Wiki hiyo ya mashine mpya Burulcha alikuwa amelewa usingizi. Kwa miaka sita tangu aolewe, kila baridi ilipoingia Bishkek, yeye ndiye aliyeamka kwanza, akabeba ndoo ya makaa ya mawe, akapuliza jiko mpaka macho yakaiva, ili wakwe waamke nyumba ina joto. Kazi ya mkaza mwana hiyo, nani angebisha? Sasa serikali, iliyochoshwa na moshi wa jiji, ilikuwa imewalipia nusu ya bei ya mashine inayovuta joto kutoka nje, hata kwenye theluji, na kuliingiza ndani. Asubuhi ya kwanza Burulcha aliamka jua limeshapanda, akacheza jikoni peke yake na soksi zake.

Ulibaki ukaguzi tu. Mkaguzi akikuta moshi wa makaa uani, mashine inang'olewa, anapewa mtu mwingine.

"Mgeni wa serikali aje kwangu aondoke na njaa?" alisema mama mkwe wake, Bibi Sairakan, aliyeiita mashine ile feni ya wavivu. "Labda niwe nimekufa!"

Burulcha alidhani ni chai. Alikuwa ndani anatandika meza aliponusa kitu, akachungulia dirishani. Kondoo ameshachinjwa. Sufuria kubwa iko juu ya moto uani, na kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, Bibi alikuwa amemimina ndoo nzima ya makaa. Moshi mweusi tii ulikuwa unaelekea mbinguni.

"Apa!" Burulcha alitoka mbio akimwita; ndivyo Wakirigizi wanavyosema mama. "Huyo mtu anakuja kutafuta moshi!"

"Moshi wa nyumba. Huu ni wa nyama. Kwani hana macho?"

Lango likagongwa. Burulcha akanyakua sepeto akaanza kutupia theluji motoni, sepeto juu ya sepeto, huku Bibi akimkimbiza na upawa kuizunguka sufuria.

"Supu yangu! We mtoto, umerogwa?"

Mkaguzi, Bwana Turdubek, mtu mzima wa kofia ya manyoya, alisimama langoni ameduwaa. "Huo ni moshi?"

"Mvuke!" alilia Burulcha.

"Supu!" alifoka Bibi.

Bwana Turdubek aliuma midomo asicheke, akatoa kalamu. "Dada yangu, nimeuona tangu kituo cha basi. Lazima niandike."

Mbele ya mgeni mkaza mwana hushusha sauti. Burulcha akapaza ya kwake.

"Basi andika na hili! Miaka sita sijaona asubuhi ikiwa na joto mpaka wiki hii. Naichukia ile ndoo! Naichukia, naichukia!" Akajikuta analia na kucheka kwa pamoja, masizi usoni.

Upawa wa Bibi ulibaki hewani.

"Kumbe hupendi?"

"Nani anapenda, Apa?"

"Hata mimi sikupenda," alisema Bibi taratibu. "Miaka ishirini na minane. Nikadhani mvivu ni mimi peke yangu."

Wakatazamana, na kicheko kikawaangusha wote wawili kwenye theluji. Bwana Turdubek naye alishindwa kujizuia, akafunga daftari. "Narudi kesho saa moja asubuhi. Nikiona moshi, sitaki kusikia habari za supu." Bibi hakumruhusu kutoka mikono mitupu, akamfungia paja bichi, naye akaenda nalo kwapani.

Asubuhi Burulcha alishtuka. Jua lilikuwa juu ya blanketi. Saa moja imeshapita! Akarusha miguu chini, kisha akasikia sauti uani, nyuma ya dirisha.

"Polepole na huo muhuri, mwanangu," Bibi Sairakan alikuwa ananong'ona. "Usigonge kwa nguvu. Mkaza mwana wangu amelala."