Herufi Zenye Vijiguu

Jumamosi ya tatu ilipopita bila mama yake kutokea, Raheli alimfunga mwanawe Sila mgongoni akaenda kijijini Zuzu mwenyewe.

Kwa miezi sita alikuwa akisoma kompyuta jioni kwa mwalimu Bartolomayo, pale Miyuji mjini, mtoto kalala juu ya kanga chini ya meza. Baba Sila alikwenda machimboni Mererani, hakuandika tena. Sasa mwalimu alimwahidi kazi ya kuchapa, aanze mwezi wa nne, mradi apate mtu wa kukaa na mtoto. Ndipo akamwandikia mama yake, akimwomba aje Jumamosi, ahamie kwake. Akaichapa barua yote, na bahasha, hata jina lake chini. Kalamu haikugusa popote.

Kwenye kompyuta alichagua Taimsi, zile herufi zenye vijiguu, vimistari vidogo kwenye ncha zake.

"Zilichorwa kwa ajili ya gazeti la Uingereza, kabla ya Vita vya Pili," mwalimu alimwambia. "Zikaingia kwenye kompyuta, leo kila ofisi ni hizo hizo. Mgeni kaja na mzigo, hataki kuondoka."

Raheli alizipenda. Zilisimama wima, si kama mwandiko wake unaolala kama nyasi.

Zuzu alimkuta mama yake, Angelina, akipepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda wewe."

"Barua yangu hukuipata?"

"Ipi? Iliyoletwa kanisani ni ya serikali." Aliingia ndani, akatoka nayo, haijafunguliwa. "Naijua hii. Baba yako walipompunguza kazini barua ilikuja na vijiguu hivi hivi, na mwaka hakuumaliza, tukamzika. Nikasema safari hii wanataka shamba."

"Mama, ni mimi niliyeandika."

"Mwandiko wako naujua. Huu si wako."

Raheli akaipasua bahasha, akasoma. "'Yah: Ombi la kuhamia Miyuji. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukuarifu kuwa...'" Akaishia hapo. Ndivyo walivyofundishwa darasani, na kule hakuona ubaya wowote.

"Endelea. Unaniarifu nini?"

"Basi tu, mama."

"Hebu weka hiyo karatasi. Sema kwa mdomo."

Raheli akaikunja, akaikunja tena. "Nimechoka kuwa peke yangu. Jioni naongea na Sila, naye hajui kuongea. Nikiwasha redio nasikia watu wanacheka, naizima."

Angelina alipepeta kidogo, ungo ukasimama. "Niachie mtoto, ukafanye kazi."

"Nimekuja kuchukua mtu, mama. Sikuja kuacha."

Sila aliamka, akashika sikio la mama yake, akalivuta.

"Yule Yoramu jirani anaweza kunivunia uwele uliobaki shambani," Angelina akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kula atakula, lakini atavuna." Akamwangalia binti yake. "Na kuku je? Huko kwako wana pa kulala?"

"Jikoni, mama. Nitawatengea kona."

"Basi shika ungo. Hatuwezi kuondoka na makapi haya."