Wa Chini Hajala

Siku ya tatu baba hajatia kitu mdomoni, na mimi nimebaki kugombana na samaki.

Baba yangu, Mwalimu Isack, alifundisha baiolojia miaka thelathini. Alipostaafu tulihamia Mbweni, akajaza tangi la kioo sebuleni kwa maji ya bahari, akaweka vitatange wanne, samaki wa rangirangi waogeleao juu, na gayogayo mmoja, yule samaki bapa anayejifukia mchangani akaacha macho tu. Kila akiwalisha alikuwa akilalamika, "Hawa wa juu walafi. Wa chini hajala." Kisha kiharusi kikamwangusha. Maneno yote yakaondoka, yakabaki hayo matatu. Tukamwekea kitanda hapo hapo sebuleni, awaone samaki wake.

Nikimpelekea kijiko cha uji anafumba mdomo, ananyoosha mkono wake uliobaki mzima kuelekea tangini. "Wa chini hajala."

"Dada Sekela, mie sikufichi," aliniambia Hamisa, jirani yetu muuguzi. "Ikifika kesho asubuhi hajala, tunampeleka akawekewe mpira puani. Na kwa hali aliyonayo, sijui kama atarudi."

Basi nikamlisha gayogayo. Nilitupa kamba waliokatwakatwa, vitatange wakawadaka kabla hawajafika nusu ya maji. Nikaongeza, wakadaka. Nikamwaga kiganja kizima, maji yakachafuka kama ya kuoshea mchele, na mchangani haikufika hata punje. Nililia kwa hasira. Mwanamke mzima, namtukana kitatange!

Mwisho nilichukua bomba la sindano la kumpimia baba dawa, nikalichomeka kwenye mpira mrefu, nikavuta humo kamba waliosagwa. Kwa mkono wa kushoto nikawatupia walafi chakula kwenye kona moja. Kwa mkono wa kulia nikashusha mpira mpaka mchangani, nikasukuma taratibu. Macho mawili yakazunguka. Mchanga ukatimka. Gayogayo akameza, akasogea, akameza tena.

"Baba! Amekula! Wa chini amekula, umeona?"

Aliona. Nikarudi kukaa mkekani kando ya kitanda, pale nilipokuwa nikishinda siku zote tatu, nikainua kijiko. Akafumba mdomo.

"Wa chini hajala."

"Amekula, baba! Unataka na mie nife?" Nilimpigia kelele, Mungu anisamehe.

Mkono ukanyooka tena. Safari hii nilikuwa nimemwinamia karibu zaidi, ukanifikia. Ukashika kijiko, ukakigeuza, ukakileta mdomoni mwangu.

Kati ya kitanda na tangi hapakuwa na kitu kingine ila mkeka wangu. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeonja chai ya rangi tu, na njaa yenyewe sikuwa nikiisikia.

Nikala. Uji umepoa, una mabonge. Nikala kijiko cha pili huku machozi yananiingia mdomoni, na cha tatu, naye ananitazama vile vile alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka mitano. Kisha baba akafungua mdomo.