Matangazo ya Vifo ya Saa Sita

Jumanne moja ya Februari 1996, Wema Mbwambo alishuka basi pale Eglinton, jijini Toronto, akakung'uta theluji kwenye viatu, akapanda hadi ghorofa ya nne alikokuwa karani wa mtandao mmoja wa televisheni. Kwenye benchi la mapokezi walikuwa wamekaa wazee wawili na mama mmoja ambaye mkono wake ulikuwa bado na bandeji ya dripu. Viatu vyao vilikuwa vikavu. Wema akawauliza shida yao.

"Tumekufa," alisema yule mama, "na hakuna aliyetutangaza."

Wema akavuta daftari, akaandika majina.

Walitoka mji wa machimbo huko kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwa miaka arobaini na moja kituo kidogo cha mji ule kilikuwa mshirika wa mtandao. Jioni kilirusha hoki na tamthilia kutoka Toronto. Saa sita mchana kilikuwa na dakika kumi zake chenyewe: barabara iliyofungwa, paka aliyepotea, nani amefariki na anazikwa lini. Desemba mtandao ukauvunja ushirika ule. Sasa kila kitu kilitoka Toronto, na saa sita palikuwa na mchezo wa bahati, watu wakishindania friji. Barua ya kuvunja aliipiga chapa Wema mwenyewe. Herufi za kwanza za jina lake, kama mpiga chapa, zilikuwa chini, upande wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi.

Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja. Hawakuwa wasumbufu. Chai walikataa. Mmoja wao, mchimbaji, alisimulia kwamba alizikwa na watu wanne. Kaka yake, anayekaa mtaa wa pili, alipata habari siku ya nane, alipokwenda kumrudishia ngazi.

Mkuu wa kitengo, Ghulamabbas, mzaliwa wa Tanga, aliwapita kila asubuhi akiwaamkia kwa kuinamisha kichwa.

"Bwana Ghulamabbas, wanaomba dakika moja tu," Wema alimwambia.

"Niitoe wapi, Bi Wema? Ratiba ni ya nchi nzima. Nikiwatangaza hawa, kesho watakuja wa Halifax."

"Kwetu redio ilikuwa ikitangaza."

"Najua. Baba yangu alitangazwa, mpaka majina ya wajukuu yakasomwa." Akalitazama benchi lililojaa. "Agiza benchi la pili."

Benchi likaletwa.

Machi akaja Valeria. Kwa miaka tisa alikuwa sauti ya simu tu: kila Jumatatu alipiga kutoka kituo kile cha kaskazini kuhakikisha ratiba, halafu wakaulizana hali ya baridi na ya watoto. Saa sita yeye ndiye aliyekuwa akisoma vifo. Ushirika ulipovunjika, akapunguzwa kazi. Hawakuwahi kuonana, lakini alipokohoa tu, Wema akamjua.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema Valeria.

"Pole, dada. Lini?"

"Jumapili. Moyo. Wamenizika watu sita, Wema. Mimi niliyeusomea mji mzima."

"Ile barua niliipiga mimi," alisema Wema.

"Niliziona herufi zako. Uliipiga vizuri. Hata kosa moja hakuna."

Wema akaandika jina la Valeria kwenye daftari. Saa sita ilipofika, akasimama nalo. Akasoma kwa Kiswahili, maana maneno ya namna ile aliyajua kwa lugha hiyo tu: tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Valeria, kilichotokea ghafla nyumbani kwake, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo. Akaendelea na mchimbaji, na yule mama wa bandeji, hadi jina la mwisho. Wafu walisimama wote. Ghulamabbas alitoka ofisini kwake, akasimama mlangoni, mikono ameikutanisha, asirudi ndani mpaka Wema alipomaliza. Kwenye televisheni ya ukutani mwanamke wa Winnipeg aliyeshinda friji alikuwa akirukaruka kwa furaha.

"Umesoma vizuri," alisema Valeria. "Lakini kule kwetu hawajakusikia."

Hakusema kwa ugomvi. Akaketi, akasogea kumpisha mzee mmoja aliyekuwa ametoka kwenye lifti, kofia mkononi, akiuliza kama hapo ndipo watu wanapotangazwa.

"Ndipo," alisema Wema, akamwuliza jina.