Ufunguo Shingoni

Prudensia alikuwa amepiga magoti akifunga kabati la mwisho kwa nailoni, sauti ya mwanaume ilipotoka kwenye spika ya geti.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Hodi, Mesquite, Texas! Mahali ambapo ukimgongea jirani mlango bila miadi anakuchungulia dirishani kama mwizi. Sheria ya ghala ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: hafunguliwi mtu asiyetarajiwa. Prudensia aliipita kila asubuhi. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyolelewa Bukoba, na miaka ilikuwa imepita tangu asikie neno lile kutoka nje ya mlango. Aliinuka, na kidole kikabonyeza kitufe kabla hajafikiri.

"Karibu!" akaitikia, na geti likafunguka.

"Ni nani ule?" aliuliza Omer, mpakiaji wa mizigo, Mkongo wa Haltom City aliyekuwa akimsaidia Jumamosi ile.

"Mswahili mwenzetu, kaka. Labda ndiye dereva wa lori."

Omer aliacha gundi yake chini. "Dada, kule kwetu benye kuuaka batu nabo banapigaka hodi." Akaanza kutembea haraka kuelekea mlangoni.

Makabati yale yalikuwa kompyuta kuu iliyostaafishwa na chuo kimoja cha Texas na kutolewa bure kwa kituo cha taifa cha utafiti kilichojengwa Dodoma. Jengo lilikuwa tayari, mitambo ya kupoza tayari, ukumbi mtupu. Wataalamu wa mafuriko, wa malaria na wa mbegu walikuwa bado wanaomba nafasi kwenye mashine za wenzao Ulaya na kusubiri fadhila. Prudensia alikuwa amebisha milango ya wizara mpaka akaota mvi. Mchana ule lori lingepeleka mzigo bandarini Houston, na wizara ilishasema haitasubiri meli nyingine. Memori, zenye bei kubwa na ambazo zikikosekana mashine ni vyuma chakavu, zilikuwa kwenye kizimba mwisho wa ghala, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Prudensia, ndani ya blauzi. Asubuhi kamba ilikatika, na Omer ndiye aliyeiunga kwa fundo.

Waliingia watu wawili, nyuso zimefichwa kwa kofia za sufu. Mrefu, mwenye bastola, alimpiga Omer kwa kitako cha bastola hiyo, meno mawili yakaruka sakafuni. Mfupi alikuwa na nyundo. Ndiye aliyeita getini. Hodi yake ilikuwa imeshafanya kazi.

"Ufunguo wa kile kizimba," alisema mrefu kwa Kiingereza.

"Uko Katy, kwa bosi wangu." Ni kweli bosi wake, Gelasius, alikuwa mjini Katy, karibu na Houston. Mengine yalikuwa uongo, na ulitoka laini kama siagi.

Mrefu alitikisa kichwa. Mfupi akaushika mkono wa Omer, akauweka juu ya ukingo wa kabati, akapiga nyundo. Mfupa wa kidole ulilia kama kuni kavu. Omer alipiga yowe lililojaza ghala zima.

"Ufunguo."

"Nimesema uko Katy!"

Akapiga cha pili.

Omer alimtazama Prudensia. Alijua ufunguo ulipo, na alinyamaza. Na yeye Prudensia, Mungu amsamehe, aliwaza Dodoma. Aliwaza kwamba lori liko njiani, kwamba vidole hupona, kwamba mwanaume huyu ameshavumilia vita na atavumilia na hili. Alikuwa anapiga hesabu zake kwa vidole vya mtu mwingine.

Kilipovunjwa cha tatu, Omer alilia kwa Kiswahili, akimkazia macho mwenye nyundo. "Vital! Ni weye, nimetambua sauti yako! Si tunaimbaka kwaya pamoja?"

Nyundo ikasimama hewani. Jumapili iliyopita Omer alisimama kanisani kuomba waumini wauombee mzigo mkubwa unaorudi Afrika, akataja hata mji ulipo. Vital alisema amina pamoja na wengine. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Amesema nini?" aliuliza mrefu. Hakungoja tafsiri: jina ni jina kwa lugha yoyote. Mrefu akageuza bastola, akafyatua. Omer akaanguka juu ya makabati, na damu ikatiririka juu ya nailoni safi.

"Huu hapa!" Prudensia alipiga kelele, akiuchomoa ufunguo. "Huu hapa, jamani, huu hapa!"

Mrefu akanyoosha mkono kuupokea. Prudensia aliokota reli ya chuma ya kabati, akamtandika nayo taya. Bastola ikaanguka. Akampiga tena, kisogoni, na alipokuwa chini akampiga tena. Vital alitimua mbio. Dereva wa lori alipoingia alimkuta Prudensia bado anapiga, na aliyepigwa hakuwa anajikinga tena.

Polisi walisema alijitetea. Vital alikamatwa Houston. Makabati yakafutwa damu, yakapakiwa, meli ikaondoka. Gelasius alipiga simu akisema, "Hongera, dada, tumeshinda," na Prudensia akamkatia.

Siku ya matanga alikwenda Haltom City. Alipanda ngazi za nje, akakuta viatu vimejaa mlangoni na wimbo unaimbwa ndani.

"Hodi," akasema.

"Who is it?" aliitikia mtoto. Aliyefungua alikuwa Esperance, mjane wa Omer. Polisi walikuwa wamemweleza habari za ufunguo.

"Nimeona mikono yake. Bidole bitatu," alisema Esperance. "Kati ya kimoja na kingine kulikuwa nafasi ya kusema. Ile funguo ilikuwa wapi, dada?"

Prudensia angeweza kusema Katy. "Shingoni mwangu, mama."

Kamba ilikuwa bado shingoni. Esperance aliishika, akaivuta kwa nguvu zake zote, ikamchana Prudensia ngozi mpaka ikakatika. Haikukatikia kwenye fundo. Esperance aligeuzageuza lile fundo kwa kidole gumba.

"Hili ni fundo la Omer," alisema. "Anafungaka viatu vya batoto hivi." Akakunja kiganja. "Sasa rudi inje, upige hodi tena."

Mlango ukafungwa. Prudensia alipiga hodi. Wimbo ukakatika, na alisikia watu wakisogea kwenye viti, wengi, wote wanamsikia. Akapiga ya pili. Damu ilimshuka kifuani, hakuifuta.

Akapiga ya tatu, na hakuna aliyesema karibu. Ya tatu isipoitikiwa, mtu aliyelelewa huondoka, na Prudensia alilelewa vizuri. Akashuka ngazi.